Dada kaja na mbwa ukumbini: kamati ifanyeje?

Mi ndo nilikuwa mlangoni usiku ule. Jumuiya yetu huku Marekani tulikuwa na party ya kufunga mwaka, watu wazima tu, tiketi dola 40, pilau, mishkaki, DJ, kila kitu, na kazi yangu ilikuwa kuangalia majina kwenye simu na kuwafunga watu zile bangili za karatasi. Saa tatu usiku hivi anatokea dada mmoja, gauni la kitenge limemkaa, kilemba juu, na pembeni yake jibwa jeusi limevaa kizibao chekundu. Foleni nyuma yake ndefu na baridi kali. Nikamwambia, "Dada samahani, mbwa hapana." Akanijibu taratibu, kama mtu aliyeshalisema hilo mara mia, "Kaka, huyu sijaja naye kutembea, yuko kazini." Basi na mi nikajifanya najua, nikamwomba cheti cha mbwa.

Hapo nilishakosea mara mbili ndani ya dakika moja na wala sijui. Mwenyekiti wa kamati akaitwa, meneja wa ukumbi akaitwa, na ni meneja ndo aliyetuokoa, akasema huyo aingie na msimuulize habari za cheti tena. Dada akaingia, ila uso ulishabadilika. Ndo maana nikakaa nikaisoma hii habari vizuri, na nawaandikia nyie mnaokaa kwenye kamati za harusi, graduesheni, harambee na party za Desemba, kwa sababu hii kitu itawafika, na ikifika itafika mlangoni, watu wamejipanga, hakuna muda wa kufikiri.

Tuanze na sheria. Marekani kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu, wenyewe wanaiita ADA, Rais George H. W. Bush aliisaini tarehe 26 Julai 1990. Kanuni zake zikaja kurekebishwa, na tangu 15 Machi 2011 maana ya mnyama wa huduma ikabanwa kabisa: ni mbwa, basi. Mbwa aliyefundishwa kufanya kazi fulani kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, uwe wa mwili, wa macho, wa masikio au wa akili. Kuna na kifungu cha pembeni cha farasi kibeti, wale wadogo wa sentimita kama 61 mpaka 86 mabegani na kilo 32 mpaka 45, ambao nao wanaweza kufundishwa, na huko ukumbi unaruhusiwa kuangalia kama sehemu inambeba, kama anajizuia haja na kama usalama upo. Mi sijamuona bado kwenye party ya Wabongo, ila siku ipo. Paka hayumo, kasuku hayumo, nyani hayumo. Hata wale panya buku wetu wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu, mmoja wao Magawa alivishwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia, kwa ADA hata yeye angeishia kwenye geti.

Sasa shika neno moja tu hapo, kazi. Watu wanabishana kuhusu mbwa, ni msafi, ni mchafu, ni mkubwa, kavaa kizibao au hajavaa, sheria haina habari na hayo yote, inauliza kafundishwa kufanya nini. Kumwongoza asiyeona. Kumshtua kiziwi. Kumkumbusha mwenye sonona ameze dawa. Kuhisi kifafa kinakuja na kumsaidia mwenyewe awe salama. Kumlamba mkono mtu aliyetoka vitani na kiwewe chake pale hofu inapoanza kumpanda. Mnyama wa faraja ni habari nyingine, huyo hajafundishwa kazi yoyote, akiwepo tu mwenyewe anatulia, anapumua, anajisikia nafuu. Nafuu hiyo ni ya kweli na mi sitaki kuidharau, nina ndugu yangu ambaye bila paka wake sijui angeivukaje ile winta yake ya kwanza huku. Ila kwa ADA, kuwepo peke yake hakuhesabiki kama kazi.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba ugonjwa unaweza kuwa mmoja na mbwa wa aina moja, majibu yakawa tofauti. Watu wawili wote wanashikwa na hofu ya ghafla kwenye umati. Mbwa wa kwanza kafundishwa kuhisi hofu inakuja, anamsukuma mwenyewe na pua, anamvuta kuelekea mlangoni. Huyo ni wa huduma. Wa pili anakaa tu mapajani na mwenyewe anamshika manyoya. Huyo ni wa faraja. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, ndo maana sheria imekupa maswali mawili, na mawili tu, pale ambapo kazi ya mbwa haionekani wazi. La kwanza: huyu ni mbwa wa huduma, unamhitaji kwa sababu ya ulemavu? La pili: amefundishwa kufanya kazi gani? Kwisha. Usimuulize anaumwa nini. Usimwombe karatasi. Usimwambie "hebu tuonyeshe anavyofanya", hiyo ni kumgeuza mtu sarakasi. Na kama ni mtu asiyeona kashikilia ile hendeli ya mbwa wake, hata hayo maswali mawili huna sababu ya kuyauliza.

Jibu la swali la pili ndo lenye uzito. Mtu akisema "ananishtua sukari ikishuka", umejibiwa. Akisema "ananituliza", bado hujajibiwa, unaweza kumuuliza kwa adabu, anakutulizaje, kafundishwa kufanya nini ukizidiwa? Kuna wenye mbwa wa huduma kabisa ambao hawajui kulieleza, hasa kwa Kiswahili, maana haya maneno wengi tumeyajulia huku kwa Kiingereza, kwa hiyo usiwe hakimu wa kutafuta mtu akosee.

Kuhusu vyeti, jamani, tuelewane. Hakuna ofisi ya serikali ya Marekani inayosajili mbwa wa huduma nchi nzima. Zile tovuti zinazouza kitambulisho, beji na kizibao kwa dola kadhaa zinauza kitambaa na plastiki, Wizara ya Sheria haizitambui kama ushahidi wa chochote. Mbwa anaweza kuwa amefundishwa na mwenyewe nyumbani, inaruhusiwa. Kwa hiyo mlinzi anayesema "bila kadi huingii" anamfukuza mwenye haki, alafu anayemruhusu yeyote mwenye kadi anaruhusu waliokwenda dukani. Majimbo mengine yameanza kuwabana wadanganyifu, California ukijifanya una mbwa wa huduma kwa kujua unaweza kula faini mpaka dola 1,000 au jela mpaka miezi 6. Lakini hiyo ni kazi ya polisi na mahakama, sio ya kijana wa mlangoni mwenye bangili za karatasi.

Na kwa nini watu wanaapa kabisa kwamba mnyama wa faraja anaingia popote? Hawajalitunga. Kuna sheria nyingine ya nyumba, hiyo ndo mwenye nyumba anatakiwa amfikirie mpangaji mwenye barua ya daktari hata kama jengo haliruhusu wanyama, na hapo paka anahesabika. Kuna na ya usafiri wa ndege, zamani mashirika yalilazimika kuwabeba wanyama wa faraja, ikafika mpaka Januari 2018 mtu kaja uwanja wa ndege wa Newark na tausi, mkia wote ule, wakamkatalia. Kanuni zikabadilishwa na kuanzia 11 Januari 2021 mashirika hayalazimiki tena kumhesabu mnyama wa faraja kama wa huduma. Kwa hiyo mtu anakuja kwenye party yako na barua halali kabisa ya daktari, iliyoandikwa kwa ajili ya apartment, na kwako haina nguvu, na hana kosa, hakuna aliyemwambia. Mwambie polepole.

Tukirudi kwa yule dada. Kosa letu la tatu lilikuja ndani. Kamati kwa nia njema kabisa tukamtafutia meza peke yake karibu na mlango wa jikoni, ili "wasisumbuane na watu". Nayo hairuhusiwi. Mtu mwenye mbwa wa huduma humtengi, humuweki pembeni kama mgonjwa wa kipindupindu, anakaa meza aliyoilipia, na mbwa analala chini ya meza au miguuni pake. Juu ya kiti hapana, kulishwa mezani hapana, hapo ukumbi una haki ya kukataa. Kwenye bufee anaruhusiwa kupanga foleni na mbwa wake, ndio, mbele ya pilau, najua mnavyojisikia. Kama kuna bwawa la kuogelea, majini mbwa haingii ila pembeni anakaa.

Kama saa tano na nusu, watu wako katikati ya sebene, yule mbwa ambaye alikuwa kalala kama zulia akaamka, akamgonga dada goti na pua mara mbili, tatu. Dada akakaa chini palepale pembeni ya watu wanaocheza, akatoa kipimo kwenye mkoba, akaangalia, akafungua kikopo cha juisi akanywa. Dakika kumi na tano baadaye kainuka kacheza. Hapo ndo niliona kwa macho yangu maana ya "yuko kazini", na hapo ndo yeye mwenyewe akaniambia ana kisukari cha tangu utotoni na sukari yake inashuka bila kumpa dalili. Aliniambia kwa kupenda kwake, kumbuka, mi sikuwa na haki ya kuuliza.

Haya, sasa upande wa watu wetu, maana hapa sheria ya Marekani inakutana na sisi tulivyolelewa. Sisi mbwa tumemjulia kwenye kibao cha "Mbwa Kali" kwenye geti, mbwa wa kulinda, anafungwa mchana anafunguliwa usiku. Au mbwa koko wa jalalani. Na kichaa cha mbwa sio hadithi, duniani watu kama 59,000 kwa mwaka wanakadiriwa kufa nacho, karibu wote wa Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Kwa hiyo shangazi akipiga kelele kuona mbwa ukumbini sio ushamba, ana sababu zake. Ila kwa ADA woga sio sababu ya kumkataza mwenye mbwa, na aleji pia sio sababu, unachofanya ni kuwapanga mbali mbali, mmoja meza ya upande huu mwingine upande ule, wote ndani. Mpigie shangazi simu kabla. Shikamoo shangazi, kutakuwa na mbwa wa kumsaidia mgonjwa, anakaa kule, wewe tumekuweka huku. Nusu ya woga inaishia kwenye hiyo simu.

Alafu kuna najisi, na Waislamu wa pwani wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafii, kwa hiyo hili ni zito. Kwa Shafii mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara 7, moja kwa udongo. Lakini fikihi hiyohiyo inasema najisi haihami kikavu kwa kikavu, mbwa mkavu akipita akagusa kanzu kavu, kanzu haijaingia najisi. Wenzetu wa madhehebu ya Maliki wao wanamhesabu mbwa kuwa twahara, yaani msafi kidini. Na Qurani yenyewe inawaruhusu waumini kula kilichokamatwa na mbwa wa kuwinda aliyefundishwa, Surat al-Maida aya ya 4, na kwenye Surat al-Kahf aya ya 18 mbwa wa wale vijana wa pangoni kalala kanyoosha miguu yake ya mbele pale mlangoni. Mi sio sheikh, muulizeni wenu, ila ninachojua kwa vitendo ni kwamba ukitenga chumba cha kuswalia mbali na njia anayopita mbwa, ukaacha nafasi kati ya viti, malalamiko yanapungua sana. Leicester, Uingereza, mwaka 2008 msikiti mmoja ulimkubalia kijana asiyeona aje na mbwa wake wa kumwongoza, mbwa akawekewa sehemu yake hapohapo mlangoni, kijana akaingia kuswali. Kama msikiti uliweza, ukumbi wa kukodi wenye zulia la kahawia utashindwaje.

Na hii sio fasheni ya juzi. Mwaka 1928 kijana wa Nashville asiyeona, Morris Frank, alirudi kutoka Uswisi na mbwa wake Buddy, akavuka barabara za New York mbele ya waandishi wa habari, na ilipofika 1956 kila jimbo Marekani lilikuwa na sheria ya kumruhusu asiyeona na mbwa wake kwenye sehemu za umma. Cha karibuni ni ile orodha ya kazi kuongezeka.

Watu wananiuliza, sasa sisi ni kijumuiya tu hatuna biashara, inatuhusu? Ukikodi ukumbi ukauza tiketi kwa umma, jihesabu umo, na ukumbi wenyewe umo pia. Kutokuwa na faida hakukuokoi. Makanisa na misikiti yenyewe ADA imewaacha nje, na klabu binafsi za kweli pia, ila kundi lisilo la dini likikodi ukumbi wa kanisa na kufanya shughuli ya umma, kanisa limesamehewa, kundi halijasamehewa. Harusi ya mwaliko nyumbani kwako ni mambo yako, hapo tunarudi kwenye utu tu. Ile mistari ya mkataba inayosema "wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi" haimgusi mbwa wa huduma. Na humtozi mtu hela ya ziada wala dipoziti kwa ajili ya mbwa, hata ya kufagia manyoya, akiharibu kitu ndo analipa kama angelipa mgeni yeyote aliyevunja kiti.

Kwa mnyama wa faraja kamati yetu tuliamua hapana, ndani ya ukumbi. Sababu ni za kawaida tu, chakula kiko wazi na kanuni za afya za sehemu nyingi hazitaki wanyama wa kawaida hapo, mkataba wa ukumbi unakataza, na ukimruhusu mmoja kwa kuwa ni rafiki wa katibu, wa pili ukamkatalia, hapo umeanzisha ugomvi wa miaka mitatu. Kwenye pikiniki ya bustanini tunaruhusu kama bustani yenyewe inaruhusu. Ila tuligundua kitu baada ya kumkatalia kaka mmoja na mbwa wake mdogo wa kwapani, tulipomuuliza ni nini hasa kinamshinda ukumbini, akasema kelele na kuzingirwa. Basi. Tukamuweka meza ya karibu na mlango, tukamwambia toka na rudi utakavyo bangili unayo, na kile chumba kidogo cha koti tukakiacha wazi na viti viwili bila muziki. Alikaa mpaka keki. Saivi hicho chumba tunakiweka kila mwaka na wanaokitumia wengi hawana mnyama yeyote.

Usiku wenyewe shida kubwa hailetwi na mbwa, ni walevi. Mtu na bia yake ya nne anataka kumpapasa mbwa, anampigia miluzi, anamrushia mfupa wa kuku, na mfupa uliopikwa unavunjika vipande vya kuchana utumbo, na vitunguu vilivyojaa kwenye pilau ni sumu kwa mbwa. MC atangaze mapema, kwa utani wake, huyu yuko zamu, msimguse msimlishe. Meza yake isiwe mbele ya spika, mbwa anasikia kuliko sisi. Kumlisha, kumtoa nje na kuokota kinyesi ni kazi ya mwenyewe, kamati haiwajibiki, ila kumuonyesha mapema kipande cha majani nyuma ya ukumbi na kumpa bakuli la maji hakugharimu kitu.

Na kumtoa mbwa, ndio, inawezekana, kwa mambo mawili. Kashindikana na mwenyewe hamtulizi, au anajisaidia ndani. Akibweka mara moja kwa sababu mlevi kamkanyaga mkia, hiyo sio kushindikana, huyo wa kumtoa ni mlevi. Akibweka hotuba nzima ya balozi, akavuta kamba anawarukia watu, na mwenyewe anacheka tu, mwambie mbwa atoke. Mbwa, sio mtu. Yeye anabaki na haki ya kurudi peke yake ale pilau aliyoilipia. Na kamba ni lazima, isipokuwa kama inamzuia mbwa kufanya kazi yake au ulemavu wa mtu haumruhusu kuishika, hapo amwongoze kwa sauti au ishara.

Mbwa ambaye bado yuko mafunzoni ADA haimhesabu, lakini majimbo mengine yanamhesabu, angalia jimbo lako kabla hujabisha.

Kwenye poster zetu sasa chini ya bei ya tiketi kuna mstari mmoja: "Mbwa wa huduma wanakaribishwa, wanyama wengine wabaki nyumbani, ukihitaji msaada wowote tutumie meseji mapema." Mwaka wa kwanza tulioweka mstari huo zilikuja meseji tatu, mbili za viti vya magurudumu na moja ya yule dada, anauliza kama safari hii atakaa karibu na jikoni tena.